Gari Lililotulia

Kuna neno moja ambalo nimelitumia kila siku ya kazi kwa zaidi ya miaka thelathini, na sasa nimestaafu ndipo ninagundua kwamba sina hakika na maana yake. Neno hilo ni kutulia. Nyinyi mnaojifunza ufundi pale gereji, Tukuyu mjini, mmeniomba niwaandikie jinsi nilivyolinganisha gari kubwa la familia na gari la spoti, kwa sababu mmesikia kwamba niliyapima yote mawili kwa utaratibu na bado mambo yakaharibika. Mmesikia kweli. Nitaandika kila hatua kama ilivyokuwa, ila msisubiri jibu safi. Ningekuwa nalo ningewapa mlangoni, tusisumbuane na karatasi.

Kwanza mjue nilikuwa fundi wa nini. Sikuwa fundi wa injini. Hao walikaa upande wenye kivuli, wakisifiwa. Mimi nilikuwa chini: springi, shokapu, bushi, breki, matairi. Miguu ya gari. Shule niliishia darasa la saba hapa Nkunga, na mengine nilijifunza kwenye vitabu vya magari vilivyofika gereji vimeloa mafuta, vya Kiingereza, kamusi ikiwa kwenye goti moja na spana kwenye lingine. Ukurasa mmoja ulinichukua juma zima. Kila neno jipya niliandika kwenye daftari, na kila gari lililonishinda niliandika pia, na sababu ya kunishinda. Madaftari hayo ninayo. Yanayohusu kushindwa ni mengi kuliko ya maneno.

Aliyenipa kazi ni Mzee Salum, Mungu amrehemu. Baba yake alitoka Kilwa akaja hapa na cherehani. Mtoto akaikataa cherehani akapenda vyuma. Siku yangu ya tatu alinikuta nimelala chini ya gari na tochi.

"We Gwakisa, unatafuta nini huko?"

"Natazama springi, mzee."

"Springi haitazamwi, ati. Toka. Ingia ndani ukae. Haya, funga macho." Akaondoa gari, akapita nalo kwenye mashimo ya nyuma ya soko, akasimama. "Makalio yanakwambia nini?"

"Yananiambia siti ni ngumu."

"Hayajasoma bado hayo," akasema. "Yape muda."

Alisema kweli. Baada ya miaka miwili niliweza kukaa kwenye gari, kwenda nalo hatua mia, nikakwambia bushi ya kulia nyuma imekwisha. Hakuna ajabu hapo, ni kurudiarudia tu. Lakini nilikuwa na shida moja: makalio ya mtu na mtu hayafanani. Mzee Salum alikuwa mtu wa kilo nyingi na mimi ni mwembamba. Gari aliloliita tulivu, mimi liliniinua mpaka paani. Nikataka kipimo kisichokuwa na mwili. Ndipo nikabuni bakuli.

Ni bakuli la kawaida la bati. Unachora mstari ndani kwa msumari, unajaza maji mpaka kwenye mstari, unaliweka sakafuni mbele ya siti ya abiria, juu ya gunia lililoloweshwa ili lisiteleze. Unakwenda safari ileile, kwa mwendo uleule, unarudi, unapima maji yaliyobaki kwa kikombe cha kupimia dawa. Gari lililomwaga kidogo ndilo lililotulia. Wenzangu walicheka sana, wakaniita Fundi Supu. Wakaacha kucheka walipoona wateja wanaliulizia bakuli lenyewe. Siku hizi mnachomeka mashine, inawasomea gari kwenye kioo cha simu, nami sipingi. Lakini mashine yenu haijui kama abiria ametapika.

Nawaeleza kosa moja la zamani kabla ya lile kubwa, kwa sababu yanafanana, na nilipaswa kujifunza la kwanza.

Mchungaji mmoja wa huku kwetu alikuwa na pikapu ya kubebea ndizi. Ikiwa na mzigo ilikuwa inalala nyuma na kuyumba. Akaniambia, "Fundi, nataka itulie." Nikaongeza bamba moja la springi kila upande. Nikaipakia mikungu ya ndizi, nikaweka bakuli, nikaenda mpaka kijiji cha Masoko na kurudi. Maji yalibaki karibu yote. Nikamkabidhi pikapu kwa furaha. Baada ya siku mbili akarudi, kofia ameishika mkononi, imebonyea juu.

"Uliniahidi itatulia."

"Imetulia, mchungaji. Nimeipima."

Mzee Salum akaingilia. "Ulipimia na nini?"

"Mikungu kumi na sita."

"Na wewe, mchungaji, ulikuwa umebeba nini?"

"Mke wangu na trei mbili za mayai."

Mzee Salum akaniambia, "Nenda ukamwombe mama mchungaji msamaha. Kwa mayai nitakwenda mimi."

Niliandika kwenye daftari: springi ngumu hutulia chini ya mzigo, huruka bila mzigo. Hiyo ni kweli. Sikuandika jambo la pili, ambalo lilikuwa muhimu zaidi: uliza nani atakaa ndani. Nililiacha kwa sababu lilionekana si la ufundi.

Sasa hilo kubwa.

Nilikuwa nimeshastaafu, mgongo umeniambia basi. Jumamosi moja ya mwanzo wa masika akaja nyumbani kwangu Ipyana, mtoto wa Bibi Sekela wa Masoko. Ipyana anaishi Dar es Salaam na mambo yake ni mazuri. Alikuwa amekuja na mkewe, Neema, na watoto watatu, kwa magari mawili. Neema aliendesha gari kubwa la familia, la siti saba, refu kiasi kwamba nikisimama kando yake paa linanipita. Ipyana aliendesha gari la spoti, jeusi, pana, fupi, ambalo paa lake lilinifikia kiunoni. Asubuhi hiyo nilikuwa nimeliona sokoni, vijana wamelizunguka wakipiga picha. "Chuma imetulia hiyo!" mmoja akasema, na gari lilikuwa limesimama. Mimi nilidhani ameona kitu kwenye springi. Baadaye ndipo nikafahamishwa kwamba kwa vijana imetulia maana yake ni imependeza. Nikaandika.

Ipyana akaniambia, "Fundi, shikamoo. Nataka unipimie haya mawili. Lipi limetulia zaidi? Uniandikie kabisa, na jina lako chini."

"Marahaba. Ni ubishi wako na mama watoto?"

Akacheka. Neema naye akacheka. Nikachukulia kwamba ndiyo.

Haikuwa hivyo. Nawaambia nyinyi mapema, ingawa mimi sikuambiwa: mama yake, Bibi Sekela, alikuwa ameteleza kwenye matope ya shambani akavunjika nyonga. Alilazwa Mbeya, akafungwa vyuma, na wiki ile alikuwa ametoka. Nilijua kwamba mama anaumwa mguu; hapa kwetu kila mama wa umri ule anaumwa mguu, kwa hiyo sikuuliza. Daktari alikuwa ameagiza arudi kliniki Alhamisi ijayo ili mfupa utazamwe, na akasisitiza sana asiikose, kwa sababu kama chuma kimehama kitarekebishwa mapema au hakitarekebishwa. Akasema, "Aje kwa gari lililotulia." Ipyana, ambaye ni mtoto mwenye utii, aliamua kumwachia mama gari moja kati ya mawili, na dada yake Tumpe, anayekaa na mama na ana leseni, awe dereva. Akaja kwangu na neno la daktari, neno lilelile, bila daktari na bila mama.

Nikaanza kazi kwa makini. Nilibonyeza kila kona ya kila gari nione shokapu; zote zilikuwa nzima. Upepo wa matairi nikausawazisha. Nikapima uvungu, yaani nafasi kati ya tumbo la gari na ardhi. Gari kubwa: mbuzi mdogo angepita. Gari la spoti: vidole vinane, na vidole vyangu ni vyembamba. Matairi ya spoti yalikuwa na mpira mdogo pembeni, kama utepe tu juu ya ringi. Tairi la namna hiyo likigonga jiwe, jiwe linaongea na ringi moja kwa moja.

Kuhusu nguvu, Ipyana aliniambia gari dogo lina nguvu za farasi zaidi ya mia nne na kubwa lina nusu ya hizo. Farasi sijawahi kumwona huku kwetu Rungwe, kwa hiyo nilipima kwa njia yangu: niliyapeleka yote mawili kwenye mlima wa barabara kuu. Nyuma ya lori la chai yalikuwa na nguvu sawa kabisa, yaani nguvu ya lori. Lori lilipokunja, gari dogo lilinisukuma kichwa nyuma mpaka kofia ikahamia siti ya nyuma. Gari kubwa liliondoka taratibu, kama mtu mnene anayeinuka kwenye kiti, lakini likifika mwendo halikuchoka. Kwenye kushuka ilikuwa kinyume. Gari kubwa ni zito, na breki zake zilianza kunuka kabla hatujafika chini. Ikabidi nitumie gia kulizuia. Dogo liliposhikwa breki lilisimama kana kwamba barabara imeisha.

Kisha bakuli. Hapa ndipo nilipokosea, na nataka mwone jinsi kosa lilivyoingia likiwa limevaa nguo safi. Kawaida yangu ilikuwa safari mbili: moja ya lami yenye kona, nyingine ya udongo. Lakini gari la uvungu wa vidole vinane sikuthubutu kulipeleka kwenye udongo. Sampu ya mtu, kile chombo cha oili chini ya injini, ingepasuka nami ningejibu nini? Nikajiuliza, je, nilipeleke kubwa peke yake? Nikaona si haki. Kipimo cha haki ni kile ambacho yote mawili yamekifanya. Kwa hiyo nikaifuta safari ya udongo kwa magari yote mawili. Nakumbuka nilijisifu moyoni kwa kutopendelea.

Kwenye kona za lami, gari la spoti lilimwaga vijiko viwili tu. Halilali upande. Linaingia kwenye kona kama meza. Gari kubwa lilimwaga karibu nusu ya bakuli na kulowesha kiatu changu, kwa sababu mwili wake uko juu na springi zake ni laini. Kila kona linaegemea kama mgomba wenye mkungu. Nikaandika kwenye karatasi, kwa mwandiko wangu mzuri: Gari dogo limetulia zaidi, kwa tofauti kubwa. Nikaweka jina na sahihi.

Ipyana aliisoma mara mbili. Uso wake ulibadilika kidogo, kama mtu aliyeombwa kitu anachokipenda. Akasema, "Sawa, fundi. Nilihofia utasema hivyo." Sikuelewa. Neema akasema, "Mimi na watoto hatuenei kwenye hilo dogo hata hivyo." Hilo nalo sikulielewa. Nikawatakia safari njema.

Jumanne Tumpe akanipigia simu.

"Fundi, shikamoo. Njoo Masoko uone gari lako."

"Gari langu lipi?"

"Hili ulilomchagulia mama."

Nilipanda pikipiki mvua ikinyesha. Pale uani kwao, katikati ya migomba, lilikuwa limesimama gari la spoti, jeusi, likiwa na majani juu ya boneti. Ipyana alilifikisha Jumapili kukiwa kukavu, huku wanaume wanne wakitandika mbao kwenye kila shimo. Kisha yeye, mkewe na watoto wakapanda gari kubwa wakaenda zao Dar. Kuku alitaka kujificha mvua chini ya lile gari, akaingiza kichwa, akaona mwili hauendi, akarudi.

Bibi Sekela alikuwa barazani kwenye kiti cha plastiki, mguu umenyooshwa juu ya stuli. Tukasalimiana. Yeye huniita tata, kama kwetu tunavyomwita mwanaume kwa heshima hata kama umemzidi umri.

"Tata, ndaga, asante kwa kuja. Umekuja kunipandisha?"

Hapo ndipo Tumpe aliponieleza yote: nyonga, vyuma, daktari, Alhamisi. Nilisimama na kofia mkononi kama yule mchungaji.

"Mbona hamkuniambia ni kwa ajili ya mama?"

"Mbona hukuuliza ni kwa ajili ya nani?" Tumpe akajibu. "Ipyana anasema aliuliza lipi limetulia, na wewe ukasema hili. Ametuachia roho yake hii. Alilia kulikabidhi, nakwambia, mtu mzima! Sasa nionyeshe utulivu wake uko wapi."

Nilitoa futi, kwa sababu nikichanganyikiwa huwa napima. Toka ardhini mpaka siti ya gari la spoti: chini ya goti la Bibi Sekela, tena mbali. Daktari alikuwa amemkataza kukaa mahali ambapo goti linakuwa juu kuliko nyonga. Nikaingia mwenyewe nijaribu. Kuingia ni kuanguka. Kutoka ni kutambaa. Nilipotambaa kutoka, Bibi Sekela alikuwa anacheka mpaka anajishika mguu.

"Kyala wangu, Mungu wangu! Wewe mzima unatoka kama chura. Mimi na vyuma vyangu nitatokaje?"

"Tukodi gari jingine?" nikasema.

"Nimeshauliza," Tumpe akasema. "Yanayofika huku kwa matope haya ni pikipiki na malori ya ndizi. Daktari akisikia mama amepanda lori, atanilaza mimi."

Nikampigia Ipyana. Ninawaandikia maneno yake kama nilivyoyanakili jioni ile kwenye daftari.

"Fundi, karatasi yako ninayo hapa mkononi. Imeandikwa limetulia zaidi, kwa tofauti kubwa."

"Ndiyo. Ni kweli."

"Basi tatizo nini?"

"Halijatulia."

"Fundi, umekunywa?"

"Sijawahi. Limetulia kwenye kona za lami. Huku hakuna lami. Na mama hawezi kukaa chini hivyo."

"Kwa hiyo lile kubwa ndilo limetulia?"

"Hapana, lile linayumba. Nilipima."

"Sasa mama apande lipi?"

"Lile linaloyumba," nikasema. Nilisikia sauti yangu mwenyewe, na nikaona kwamba hata mimi nisingemwamini mtu wa namna hiyo. Nikamwambia jambo pekee nililokuwa na hakika nalo: "Ipyana, nimekosea. Sijui nimekosea wapi, kwa sababu vipimo ni sahihi. Lakini mama yako yuko hapa kwenye kiti cha plastiki na keshokutwa ni Alhamisi."

Hakunijibu neno baya. Alfajiri ya Jumatano aliondoka Dar peke yake na gari kubwa, na jioni kabla ya giza akawa uani, matope mpaka kwenye vioo, macho mekundu kwa barabara. Alimwamkia mama yake, akalipapasa gari lake dogo paani, akalala.

Alhamisi asubuhi tukampandisha mama. Gari kubwa nalo lilikuwa na lake: siti ilikuwa juu mno. Mgonjwa wa nyonga hawezi kupanda hatua kama ile. Ikabidi tumnyanyue pamoja na kiti chake cha plastiki, mimi, Ipyana na jirani wawili, mpaka kitako chake kikalingana na siti ya mbele, kisha Tumpe, akiwa ndani, akamvuta taratibu kwa kitambaa cha kitenge tulichokitandaza chini yake. Jifunzeni hilo la kitenge. Kinateleza vizuri kuliko mikono, na hakimfinyi mtu. Siti tukailaza nyuma kidogo ili goti lisipande.

Kwenye udongo gari lilifanya kazi yake. Lilizama kwenye mashimo na kutoka bila kumrusha. Nilikuwa siti ya nyuma, nikimtazama shingo kwa nyuma kuona kama anajikaza. Hakujikaza. Akaanza hata kuimba chinichini wimbo wa kanisani. Ipyana akanitazama kwenye kioo, nami nikaitikia kwa kichwa: ndiyo, hili ndilo.

Tukaingia lami. Tukapita Tukuyu, tukaanza kona za kushuka kuelekea Kiwira. Wimbo ukaisha.

"Ipyana," mama akasema.

"Naam, mama."

"Gari lako hili linayumba fijo, yaani sana. Tumbo linaenda huku, mimi naenda huku."

"Pole mama. Napunguza mwendo."

"Tata huko nyuma. Lile dogo, nalo linayumba hivi?"

Nikajifanya natafuta kitu kwenye daftari. Tumpe akanipiga kiwiko. "Mama anakuuliza."

"Hapana, mama," nikasema. "Lile haliyumbi kabisa."

"Basi kwa nini mmelikataa?"

Vijana, nimekaa chini ya magari maisha yangu yote, na swali hilo sikuwa na spana yake. Ipyana alianza kucheka, mabega tu yakitikisika. Tumpe akatafuta mfuko wa plastiki, akaupata kwa wakati wake hasa, na mama akautumia. Baada ya hapo akasema anajisikia vizuri, na kwamba tusimwangalie hivyo, yeye hajafa.

Mbeya tulifika kwa wakati. Tulimshusha kwa kitenge kilekile. Picha ikapigwa, na daktari, kijana mpole mwenye kalamu tatu mfukoni, akaitazama kwenye mwanga kwa muda mrefu. Tumpe alikuwa amenishika mkono bila kujua ni mkono wa nani. Daktari akasema chuma hakijahama. Mfupa unashika. Wiki nne nyingine, kisha ataanza kukanyaga kwa fimbo.

"Mmemleta kwa gari gani?" akauliza huku akiandika.

"Lile kubwa pale nje," Ipyana akasema.

Daktari akachungulia dirishani. "Safi sana. Gari lililotulia kama nilivyosema."

Bibi Sekela alikuwa bado ameshika ule mfuko, umefungwa fundo, na akautazama, kisha akamtazama daktari, lakini ni mama mwenye adabu.

Nyinyi mtaniuliza nimejifunza nini. Naweza kuwapa ya kazi: pimeni gari kwenye barabara litakayopita, si kwenye barabara mnayoipenda. Ulizeni nani atakaa, siti ipi, na mguu upi unauma. Gari refu linahitaji kidaraja cha kupandia. Fupi linahitaji mtu mwenye magoti mazima. Hayo nina hakika nayo. Lakini kuhusu lipi kati ya yale mawili limetulia zaidi, nikiwekewa karatasi tena leo, kalamu itabaki hewani. Daktari alikuwa sahihi, vijana wa sokoni walikuwa sahihi, bakuli langu lilikuwa sahihi, na mama wa watu alitapika.

Wakati wa kurudi nilijaribu kulimaliza swali hilo. Tulipopita mashamba ya chai nikainama mbele, daftari gotini, nikamuuliza, "Mama, wewe mwenyewe ukisema gari limetulia, unakuwa na maana gani?"

Hakunijibu. Nilidhani amesinzia, nikaacha. Ipyana alikwenda polepole mno, magari yakitupigia honi nyuma, naye akiyapungia mkono yapite. Kona zikaisha, lami ikaisha, tukaingia udongo, tukapita kanisa, tukaingia uani. Ipyana akazima injini. Ile milio midogo ya chuma kinachopoa ikaanza, na maji yakidondoka kwenye migomba. Jirani wakaja na kiti cha plastiki, mlango ukafunguliwa. Bibi Sekela hakutikisika. Alikuwa amefumba macho, mikono mapajani, anasikiliza.

"Hapa, tata," akasema. "Sasa ndio limetulia. Nishusheni."